Saruji niliyoiweka siku mbili nikaibandua wiki tatu

Naanza na aibu kabisa. Ukuta wa kaskazini wa nyumba moja ya mawe milimani niliujaza saruji mie mwenyewe, kwa mwiko wangu, hakunilazimisha mtu, siku mbili kazi imekwisha, nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu Kizimkazi nikaandika chini yake "fundi ni fundi tu". Kuja kuibandua mwaka uliofuata ilinichukua wiki tatu, kwa patasi na nyundo, kipande kwa kipande, na kidole gumba cha kushoto mpaka leo baridi ikiingia kinanikumbusha.

Ngojeni nirudi nyuma mfahamu ilikuwaje.

Mie ni mtu wa Kizimkazi, Unguja kusini, pale pale Dimbani kwenye ule msikiti wa zamani. Nilipomaliza skuli maksi hazikutosha, mjomba akanipeleka mjini kwa fundi mmoja wa nyumba za Mji Mkongwe nikawa mtoto wa karai. Kazi ya mtoto wa karai ni kubeba, kuchota maji na kupigiwa kelele. Miaka mitatu nilibeba chokaa kabla sijaruhusiwa kushika mwiko. Baadae nikajua kupiga lipu, nikajua timazi na pima maji, nikajua boriti ya mkoko iliyooza ukiigonga inalia vipi. Lakini chokaa yenyewe nlikuwa najua tu kwamba watu wa mradi wanaitaka, mana kila ukija mradi wa urithi tunaambiwa saruji marufuku, mradi ukiondoka wenye nyumba wanatwambia wekeni saruji bwana, chokaa inachelewa, mvua hiyo inakuja. Na sisi tunaweka. Nikawa naamini chokaa ni mapenzi ya wageni tu, kitu cha kupendezeshea ripoti.

Alafu nikaoa mtu wa huku, tukaja kuishi Barcelona, na kazi niliyoipata ni ya zege. Miaka minane. Nondo, zege, tofali, zege. Hakuna aliyeniuliza habari ya chokaa hata siku moja. Mwaka 2020 baada ya ile kufungiwa ndani ya korona kazi za mjini zikakauka, bosi mmoja akasema ana nyumba ya mawe milimani anataka kuigeuza iwe ya kulaza wageni, nani yuko tayari kwenda kukaa huko miezi miwili. Nikasema mie.

Bonde linaitwa Vall de Boí, liko kwenye milima ya Pirineo upande wa Catalonia, mkoa wa Lleida, si mbali na mpaka wa Ufaransa. Kwa gari ni kama masaa manne. Vijiji vidogo vidogo vya mawe, paa za vipande vya jiwe jeusi, ng'ombe wana kengele shingoni, na karibu kila kijiji kina mnara wa kanisa umesimama kama umesahauliwa na mtu. Mwanzo wala sikuijali ile minara. Niliiona kama tunavyoona minazi kwetu, ipo tu.

Nyumba yenyewe ukuta wake ulikuwa mnene kama urefu wa mkono wangu kutoka begani mpaka vidoleni. Ujenzi wa kizamani: mawe ya nje yamepangwa, ya ndani yamepangwa, katikati wamejaza vifusi na udongo na chokaa. Kwa nje jointi zimeliwa, unatia kidole kinazama. Ilikuwa Oktoba, bosi anataka ukuta wa kaskazini uzibwe kabla ya theluji, na mie nikafanya hesabu yangu ya haraka, chokaa itachelewa kushika na baridi imeshaanza, saruji kesho yake ishakuwa jiwe. Nikaziba. Na ilipendeza, nisiseme uongo.

Pale kijijini kuna mzee mmoja, mwashi mstaafu, miaka themanini na ushei, kila siku akishakunywa kahawa anakuja na mkongojo wake kusimama kutazama watu wakifanya kazi. Nadhani kila mtaa duniani una mzee wa namna hii. Tunamwita mestre, kwa Kikatalani ndo fundi mkuu, na yeye ananiita noi, yaani kijana, na mie wakati ule nna miaka arubaini na moja. Siku ya pili ya saruji akaja, akatazama, akaukwaruza ukuta kwa ukucha, akasema neno moja tu, "ciment", kama mtu anayetaja jina la mtu asiyelipa deni. Akaondoka zake. Mie nikacheka.

Krismasi niko Barcelona nyumbani, simu ikaanza kumiminika video. Beit al-Ajaib limeanguka. Kama hamjui, hilo ni jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, liko mbele ya Forodhani, ndo sura ya Zanzibar kwenye kila kadi, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima pamoja na mnara wa saa ukaporomoka huku lenyewe liko kwenye matengenezo, watu wawili wakapoteza maisha. Nilikaa jikoni naangalia ile video mara ya kumi, ya ishirini, mke wangu akaninyang'anya simu. Sijawahi kubeba hata karai moja pale, na sababu za kuanguka wana wataalamu wake, lakini mtu uliyeanzia kazi mtaa ule ule ukiona lile vumbi unajua ni vumbi la nini. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti. Nikaanza kuhesabu kichwani ni nyumba ngapi za Mji Mkongwe niliwahi kuzipiga lipu ya saruji kwa sababu mwenye nyumba kasema haraka. Nikaacha kuhesabu.

Aprili nikarudi mlimani. Nilipofungua mlango tu, harufu. Anayejua harufu ya ukuta uliolowa hahitaji kuambiwa. Ndani kwenye ule ukuta wa kaskazini unyevu umepanda karibu kufika kiunoni, lipu imevimba inatoka ukiipapasa, na pembeni chumvi nyeupe imechipua kama unga. Ncha ya boriti ilioingia ukutani nikaichoma na bisbisi, ikazama kama kwenye papai. Kwa nje saruji yangu bado nzuri ngumu, isipokuwa ukisogea karibu unaona vijiufa vyembamba kama unywele vimezunguka kila jiwe.

Mestre akaja. Hakusema nilikwambia, na hilo namheshimu mpaka leo. Akanionesha na mkongojo: maji yanaingia hapa kwenye unywele, yanaingia na chini kutoka ardhini, zamani yalikuwa yanatokea kwenye jointi mana chokaa ina vitundu inayaachia, sasa umeziba, yatokee wapi? Yanatokea ndani, chumbani kwa mgeni. Na yale yaliyobaki katikati ya ukuta baridi ikishuka yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, ndo yanasukuma mawe. Mie kwetu ukuta unakufa kwa chumvi na joto, barafu ndani ya ukuta sijawahi kuifikiria, lakini kumbe ugonjwa ni mmoja, tumbawe nalo lina chumvi yake ya bahari, ukilifunika na saruji unyevu unageuza njia unaenda kula boriti.

Alafu akaniuliza, Jumapili hufanyi kazi? Twende Taüll.

Taüll ni kijiji cha juu zaidi, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kanisa alilotaka nilione ni Sant Climent. Sasa mie ni Muislamu, kanisani sijawahi kuingia maisha yangu yote zaidi ya kupita nje. Usiku nikampigia mama nikamwambia kuna mzee anataka kunipeleka kanisani kutazama ukuta. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "wanavua viatu huko?" Nikamwambia sidhani. Akasema "basi funga vizuri hivyo viatu uende, na usichelewe kutoka."

Mestre hakuniacha niingie haraka. Tulizunguka nje kama saa nzima. Mtindo ule unaitwa Romaneski, wenyewe wanasema romànic, ni wa karne ya 11 na 12, kuta nene, matao ya duara, madirisha madogo kama wanaogopa jua. Walioueneza mabonde haya ni mafundi waliotokana na Lombardia, kaskazini ya Italia, watu wa kuhama kazi hadi kazi na vyombo vyao mgongoni. Mnara wa Sant Climent ni wa mraba, ghorofa sita, mwembamba, umesimama kwenye kona ya kanisa. Kila ghorofa imefungwa kwa mstari wa vitao vidogo vya kubandika na juu yake mawe yaliyopangwa pembe nje kama meno ya msumeno. Mie nikadhani urembo. Mestre akanionesha zile nguzo bapa za kwenye kona, akasema hapo ukuta umeongezwa unene panapobeba, hapo katikati umepunguzwa, na chini kabisa hakuna dirisha ila ukipanda madirisha yanaongezeka na yanapanuka, wameyagawa kwa viguzo vyembamba vya jiwe, kwa hiyo kadri unavyokwenda juu mnara unakuwa mwepesi. Nikatazama tena. Ni kweli, jengo linapungua uzito mbele ya macho yako. Na mawe yenyewe wala si ya kutisha, vipande vya saizi ya mkate, mtu mmoja anabeba. Hakuna winchi pale, kuna watoto wa karai tu.

Pesa za kujengea, wanahistoria wanasema zilitoka kwa mabwana wa Erill, waliopata mali vitani walipofuatana na mfalme wa Aragon kupigana na Waislamu, mji wao wa Zaragoza ukatekwa mwaka 1118. Yaani kwa namna fulani hili kanisa limejengwa kwa ngawira ya watu wa dini yangu. Mestre aliponieleza hilo alinitazama usoni kuona ntasemaje. Nikamwambia mzee, zamani hizo, sasa mlango uko wapi.

Na mlangoni nikavua viatu. Wallahi sikukusudia, mguu wenyewe ulijivua, jengo la ibada miguu yangu ndo inavyojua. Yule dada wa tiketi akacheka mpaka akashika meza. Nikavaa tena.

Ndani ni ukumbi mrefu umegawanywa mara tatu na nguzo nene za mviringo, hazina mapambo kabisa, paa ya mbao, na mwisho upande wa mashariki ukuta umeingia ndani nusu duara na juu yake nusu kuba. Mie nikasema kimoyomoyo, mihrabu. Kubwa lakini mihrabu. Yao inatazama linapochomoza jua, yetu ya Kizimkazi inatazama kaskazini, mana kwa Unguja Makka iko juu moja kwa moja.

Kwenye nguzo moja yaliandikwa maneno kwa rangi, Kilatini, kwamba tarehe 10 Disemba 1123 askofu Ramon wa Roda aliliweka wakfu kanisa hili. Kesho yake akaliweka wakfu na la pili la kijiji hicho hicho, Santa Maria, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nikamuomba mestre anitafsirie tena mwaka. 1123. Nikatoa simu kumuonesha msikiti wetu wa Kizimkazi, yale maandishi ya Kufi, hati ya zamani ya Kiarabu, yaliyochongwa pale mihrabuni, mwaka 500 wa Hijra, ndo 1107 ya Miladi. Miaka kumi na sita tu! Msikiti sehemu kubwa ulikuja kujengwa upya karne ya 18 lakini yale maandishi ni ya zama zile. Mzee akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama kwa muda mrefu sana zile herufi, akauliza swali la fundi: "Jiwe gani hili?" Tumbawe. "Linatoka baharini?" Linatoka baharini. "Na mnalichoma pia?" Tunalichoma pia, babu yangu alikuwa na tanuu. Hapo ndo nadhani alianza kunihesabu kuwa mtu wa kazi na si mtu wa zege.

Baadae nikaja kujua makanisa 9 ya bonde hili na Mji Mkongwe wa Zanzibar viliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2000. Mie mwaka huo ndo nlikuwa mtoto wa karai.

Sasa picha. Ile nusu kuba ilikuwa imechorwa Yesu mkubwa amekaa, na sehemu kubwa haipo. Zilichunwa. Ndo neno alilotumia mestre, kama kuchuna sungura. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanunuzi wa vitu vya kale waligundua haya mabonde yana hazina kwenye kuta, wakaleta mafundi wa Italia wenye ujuzi wa kubandika kitambaa kwa gundi ya wanyama juu ya picha, wanaacha ikauke, alafu wanavuta, na kitambaa kinaondoka na ngozi ya rangi. Picha za kanisa moja la huko huko Catalonia, Santa Maria de Mur, zilisafirishwa hivo mpaka Boston, Marekani, na ziko huko hadi leo. Baada ya hapo bodi ya makumbusho ya Barcelona ikashtuka, ikawachukua mafundi wale wale wa Kiitaliano, na kati ya 1919 na 1923 ikachuna yenyewe picha za bonde zima na kuzipeleka Barcelona ili zisiuzwe nje. Mie hapo roho iligawanyika, mana na sisi tunajua habari ya milango ya nakshi kung'olewa na kupandishwa meli. Ningekuwa mwanakijiji wa Taüll ningelia. Lakini kati ya Barcelona na Boston naona bora Barcelona, unapanda gari asubuhi umefika.

Mestre hakuwa na taimu ya huzuni hiyo, yeye alitaka nijiulize kitu kingine. Kwa nini gundi ilitoka na rangi, na rangi isitoke yenyewe kwa miaka 800? Nikasema rangi nzuri. Akakasirika. Wanakuja na projekta pale, tangu 2013, zamani walikuwa wameweka nakala ya kuchora wakaiondoa. Taa zinazimwa na mwanga unaichora picha upya ukutani mstari kwa mstari kama fundi anafanya kazi mbele yako, kwanza lipu, alafu michoro, alafu rangi zinajaa. Watu wote wanatazama uso wa Yesu. Mzee akanigusa na mkongojo, "noi, angalia mwanzo, angalia lipu."

Na hapo kwenye giza ndo alinieleza kitu ambacho nilikibeba kichwani miaka mitatu kwenye karai bila kukijua. Jiwe la chokaa ukilichoma kwa moto wa kiasi cha digrii 900 linatoa hewa ya ukaa, kaboni dioksaidi ile ile tunayoitoa puani. Linabaki jepesi, lina hasira, ukilimwagia maji linachemka. Ndo kuizima chokaa. Ukishaipaka ukutani inaanza kuivuta tena ile hewa iliyotolewa na moto, pole pole, siku, miezi, ndani ya ukuta mnene hata miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Mchoraji wa Taüll alipaka rangi zake lipu ikiwa bado mbichi, kipande kwa kipande kufuata jukwaa, na chokaa ilivyokuwa inageuka jiwe ikaifunga rangi ndani yake. Kwa hiyo picha haikubandikwa ukutani, ni ukuta wenyewe ulioingia rangi. Na ukuta ule ulikaa miaka yote hiyo unalowa majira ya theluji na kukauka kiangazi, na rangi ipo, mana unyevu ulikuwa na njia ya kutoka.

Kitu kingine kilichoyaokoa makanisa haya ni umasikini, hili mestre analisema kwa raha kabisa. Bonde lilikuwa na pesa karne ya 12, baadae zikaondoka. Kwengine watu walipata mali wakavunja makanisa ya zamani wakajenga ya mtindo mpya, hawa wakabaki na ya babu zao wakitia kiraka tu. Hata picha ya Yesu ilikuwa imefichika nyuma ya mbao za madhabahu, mpaka wakaja wasomi wa Barcelona mwaka 1907 kuzunguka na nyumbu na kamera.

Basi kazi ikaanza. Bosi alisema wiki tatu za kubandua atanilipa nusu, nikakubali mana kosa ni langu. Saruji haitoki kwa hasira, ukiipiga sana inatoka na uso wa jiwe, inabidi uigongegonge pembeni kwa patasi nyembamba mpaka iachie. Kila kipande kikitoka nyuma yake udongo ni tope, mwezi wa Mei, jua linawaka nje na ndani ya ukuta ni tope! Kuna kipande kilitoka kina alama ya kidole changu, nilipokilainisha Oktoba. Nimekiweka, kipo kwenye kisanduku cha vyombo.

Ukuta tukauacha wazi ukauke karibu miezi miwili. Bosi akawa anapiga simu kila wiki, na mie nikawa namjibu kwa sauti ya mestre, bado. Ncha ya boriti tukaikata tukaunga mpya.

Chokaa haikutoka dukani. Nyuma ya nyumba ya mzee kuna shimo limefunikwa kwa mbao, ndani chokaa aliyoizima mwenyewe miaka iliyopita, juu yake maji kama shibiri ili isikutane na hewa. Aliitoa kwa mwiko ikakatika kama samli iliyoganda, nyeupe mpaka inaumiza jicho. Kipimo chake kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa mto, na mchanga lazima uwe na punje kubwa na ndogo, akiuchukua anausugua sikioni kusikia. Nikamwambia mzee wangu wa Mji Mkongwe alikuwa akifanya hivo hivo na sisi watoto tukimcheka. Alafu ukuta unalowanishwa kwanza, mana ukavu utanyonya maji ya chokaa kabla haijashika, unaijaza jointi kwa kusukuma na si kwa kupaka, kesho yake ikianza kukaza unaipigapiga kwa brashi ngumu ijifunge, na unaifunika magunia ya majimaji siku kadhaa. Magunia! Mie nilikuwa mtoto wa kumwagia magunia maji pale Shangani kila asubuhi na jioni, nikitukana kimoyomoyo, najiona napotezewa muda kumwagia maji ukuta kama mtu anayemwagilia mchicha.

Tulimaliza Septemba kabla ya baridi, mana chokaa ikipigwa na barafu haijashika inakuwa unga. Msimu uliofuata nilikwenda mwenyewe kwa gharama yangu kutazama. Unyevu umeshuka mpaka chini ya goti. Haukuisha. Mestre akasema ukuta ulichukua majira mazima kuugua, na wewe unataka upone lini? Kwa nje jointi za kivuli bado ukizikwaruza zinatoa unga kidogo, za juani zimeshakuwa jiwe.

Barcelona nimekaa miaka yote ile sijawahi kupanda kilima cha Montjuïc kwenye makumbusho ya taifa. Nikaenda Jumamosi moja, ukifika baada ya saa tisa mchana ni bure. Wamejenga nusu kuba ya mfano na wameirudishia ngozi ya Taüll juu yake. Yesu amekaa katikati, macho makubwa yanakufata, mkono wa kulia umeinuliwa vidole viwili juu, wa kushoto kashika kitabu kimeandikwa EGO SUM LUX MUNDI, mimi ni nuru ya ulimwengu. Buluu yake ni ya jiwe la Pirineo lenyewe, aerinite, wamelisaga. Watu wamejaa wanampiga picha yeye. Mie nikasogea pembeni kwenye tao nikamkuta masikini Lazaro, kalala kwenye mlango wa tajiri na vidonda mwili mzima, na mbwa mrefu anamlamba. Huyo mbwa nampenda. Ulimi wake mchoraji kauvuta mstari mmoja tu, haraka, unaona kabisa lipu ilikuwa inakaribia kukauka na kazi bado nyingi. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Sasa juzi mdogo wangu kanipigia kutoka Kizimkazi. Nyumba ya mama ile ya mawe, alojenga babu kwa chokaa ya tanuu lake mwenyewe, ukuta wa upande wa bahari unatoa unga na lipu imeanguka. Nikamueleza yote, chokaa, magunia, mchanga wa punje, kanisa la 1123, nikamueleza na habari ya papai la boriti. Nikamwambia usiguse mpaka nije mwezi wa saba, kuna watu Makunduchi bado wanachoma chokaa, waanze kuizima sasa hivi ili ikae. Akanisikiliza vizuri tu, akaitikia ndio kaka, ndio kaka.

Jioni akanitumia picha ya ukuta ili niuone. Ukuta naujua, nilicheza chini yake. Nikaikuza kwa vidole viwili. Kwenye kona ya chini, nyuma ya mguu wa mama, ipo mifuko minne ya saruji, na mmoja ushafunguliwa.